Printa ya Pamoja kwenye Mtandao wa Linux: Hitilafu Hujificha Wapi?

Katika kompyuta nyingi zinazotumia mfumo wa Linux, uchapishaji husimamiwa na CUPS, programu iliyobuniwa na Mmarekani Michael Sweet na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Apple mwaka 2007. Programu hiyo huupokea waraka, huupanga kwenye foleni, huugeuza kuwa lugha inayoeleweka na printa, halafu huutuma. Printa moja inapohudumia kompyuta zote za nyumbani, hatua hizo hugawanywa baina ya vifaa kadhaa, na ndiyo maana malalamiko yaleyale kwamba printa haifanyi kazi huweza kutokana na sababu zisizohusiana hata kidogo. Anayetafuta hitilafu hana budi kutenganisha maswali matatu: iwapo printa inatangazwa, iwapo inafikika, na iwapo waraka unageuzwa ipasavyo.

Kutangazwa ni kazi ya programu iitwayo Avahi, ambayo huarifu mtandao kuhusu printa iliyopo kwa kutuma ujumbe kwenye anwani ya pamoja 224.0.0.251 kupitia poti 5353, poti ikiwa ni namba inayotofautisha huduma moja na nyingine ndani ya kifaa kimoja. Kwa kuwa ujumbe huo hauvuki ruta kwenda mtandao mwingine, kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi ya wageni kwa kawaida haiioni printa iliyo kwenye mtandao mkuu, hata kama vifaa hivyo viwili viko meza moja.

Kufikika ni suala jingine, kwani printa inaweza kuonekana kwenye orodha na bado ikakataa kazi. Mawasiliano ya uchapishaji hupita kwenye poti 631, lakini mipangilio ya awali ya CUPS huiruhusu kusikiliza maombi ya kompyuta yake yenyewe tu, mpaka mwenye mtandao aruhusu ushirikiano kwa amri ya cupsctl --share-printers na kuilegeza fayawoli, yaani programu inayochuja mawasiliano yanayoingia. Aidha, ruta hugawa anwani kwa muda, hivyo foleni iliyoelekezwa 192.168.1.20 huendelea kutuma kazi huko hata baada ya printa kupewa 192.168.1.35. Utumaji unaposhindikana, CUPS huweza kuisimamisha foleni nzima, na foleni hiyo hubaki imesimama hata anwani ikisharekebishwa, hadi iamshwe kwa amri ya cupsenable. Hivyo tatizo hudumu kuliko chanzo chake, na aliyekwisha kulitatua hudhani amekosea. Dawa ya kudumu ni kuiagiza ruta iitengee printa anwani moja isiyobadilika.

Karatasi zinapotoka tupu au zikiwa zimejaa alama zisizosomeka, njia ni nzima na mara nyingi kasoro iko kwenye ugeuzaji. Printa za kisasa hueleza zenyewe uwezo wao kwa kompyuta, ilhali za zamani huhitaji draiva, programu ndogo inayofahamu lugha ya printa husika. Faili la /var/log/cups/error_log huonyesha hatua iliyokwama.

Kuizima fayawoli yote kwa kukata tamaa si suluhisho. Mwezi Septemba 2024 ilifichuliwa kwamba cups-browsed, programu inayosaidia CUPS kugundua printa, ilikuwa ikipokea ujumbe kutoka kwa yeyote kupitia poti 631, udhaifu ambao mvamizi angeweza kuutumia kutekeleza amri zake kwenye kompyuta ya mwingine. Poti hiyo ifunguliwe kwa mtandao wa nyumbani pekee. Uchunguzi wenyewe uanzie kwenye kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na printa, kwa sababu ukurasa wa majaribio ukitoka hapo ukiwa safi, printa na waya wake havina lawama, na kinachosalia kuchunguzwa ni mtandao na jinsi kila kompyuta nyingine inavyoandaa waraka wake.