Nakala 500 za Kicheko kutoka Fort Ternan

Wanasayansi wanaijua Fort Ternan kwa Kenyapithecus, masalia ya nyani mkubwa wa miaka milioni 14 hivi ambayo Louis Leakey aliyapata huko mwaka 1961. Makala zimeandikwa juu ya mifupa hiyo duniani kote. Wanaoishi huko leo, kati ya miwa ya Muhoroni na chai ya Kericho, hawajaandikwa sana, na vichekesho vyao ndivyo vilivyosahaulika zaidi: baraza la chifu, harusi iliyogeuka kesi, mzee anayekopa kwa kutegemea bonasi ya majani ya chai. Anayetaka kuyaandika hayo kwa pesa zake mwenyewe anahitaji hesabu kabla ya hadithi.

Tuchukue mfano wa kitabu chembamba, kwa makadirio yangu. Mhariri 30,000, jalada 10,000, kupanga kurasa 10,000. Kuchapa nakala 500 kwa shilingi 200 kila moja ni 100,000. Juu ya bei ya mchapaji kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, yaani 16,000. Jumla: 166,000.

Bei iwe shilingi 500. Ukipeleka kitabu dukani, mwenye duka hutaka fungu lake. Tuseme asilimia 35. Unabaki na 325. Uza nakala zote 500, hata moja isirudi, utapata 162,500. Umemaliza kitabu chote na bado una hasara ya 3,500.

Uza mwenyewe, mkono kwa mkono, na nakala ya 332 inarudisha mtaji. Zilizobaki 168 ni faida: shilingi 84,000. Ikiwa hadithi ilikuchukua mwaka mzima, hiyo ni 7,000 kwa mwezi, nauli haijatolewa.

Hapo ndipo VAT inaponiuma. Tangu sheria ya mwaka 2013, vitabu Kenya vinatozwa kodi hiyo. Kampuni iliyosajiliwa huidai VAT iliyolipa, lakini mwandishi ambaye mauzo yake ya mwaka hayakaribii milioni 5 halazimiki kusajiliwa, na asiyesajiliwa harudishiwi kitu. Zile 16,000 zinatoka mfukoni mwake. Bila hizo, hata njia ya duka ingemwachia 12,500. Kodi hii inamwangukia mdogo kuliko wote katika biashara ya vitabu, na inafaa iondolewe.

Msomaji naye ana hesabu yake. Mkulima akilipwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi, kitabu cha 500 ni kilo 20 za chai. Anayechuma shamba la mwenzake hupata chini ya hapo kwa kilo, kwa hiyo kwake kitabu ni kizito zaidi. Ndiyo maana kwenye meza ya vitabu stejini mtu hufungua kitabu katikati, husoma mistari miwili, hucheka, humwita mwenzake naye acheke, kisha hukirudisha mezani kwa heshima. Hajakidharau. Anasubiri mwezi ugeuke.

Je, wasomaji wapo? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 901,777 kaunti ya Kericho na 875,689 kaunti jirani ya Bomet. Kwa kaunti hizo mbili, nakala 500 ni moja kwa kila watu 3,555. Ngũgĩ wa Thiong'o alipotoa riwaya yake ya Kikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, mwaka 1980, mchapishaji alipiga chapa nakala 5,000 akitarajia ziuzwe kwa miaka mitatu hadi mitano. Ziliisha kwa mwezi mmoja, na mwaka huohuo zikafika 15,000. Kitabu kilisomwa kwa sauti kwenye baa na majumbani, kwa lugha ya wenyewe, kikiwa na kejeli tele. Wasomaji basi wapo, ila Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa safu yake ya Whispers hadi alipofariki mwaka 2003, alikuwa na mshahara wa gazeti nyuma yake. Anayejitegemea hana, kwa hiyo huandika usiku baada ya darasa au shamba.

Kitabu cha mtandaoni husaidia kidogo. Kwa bei ya dola 2.99, nakala ikinunuliwa Marekani Amazon humwachia mwandishi asilimia 70, lakini asilimia 30 ya fungu hilo hukatwa kodi, kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Inabaki dola moja na nusu hivi.

Nafuu kubwa iko kwenye chapa ya pili. Mhariri na jalada vimeshalipiwa, kwa hiyo nakala moja inagharimu 232 pamoja na VAT. Duka likikuachia 325, sasa una faida ya 93. Ukiuza mwenyewe, 268. Nakala 500 za kwanza ziuzwe kwa mkono, sokoni na kwenye vituo vya kupimia majani, mzigo mkubwa ukiwekwa tayari kwa bonasi ya Oktoba. Maduka yapelekewe chapa ya pili.