Ramani Inayoguswa kwa Kidole

Mzee aliyekulia msituni ukimpa ramani ya karatasi, huenda akaigeuzageuza kisha akakurudishia. Nchi yake anaijua jiwe kwa jiwe. Kinachomtatiza ni mistari ya kontua, ile inayofuata kimo kimoja cha ardhi, kwani mlima uliolazwa kwenye karatasi haufanani tena na mlima.

Agosti 2006, huko Nessuit, Mau ya Mashariki nchini Kenya, watu wapatao 120 wa jamii ya Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau, wake kwa waume kutoka koo 21, waliusimamisha mlima huo upya. Walijenga mfano wa kilomita za mraba 576 za misitu na makorongo kwa skeli ya 1:10,000, yaani sentimita moja ya mfano ni mita 100 za ardhini.

Ujenzi wenyewe hauhitaji mitambo. Kila mstari wa kontua hunakiliwa kwenye kadibodi, kadibodi ikakatwa kwa kuufuata, vipande vikabandikwa kwa gundi kimoja juu ya kingine. Kama mistari inapishana mita 20, kadibodi ya milimita 2 huinua mlima kwa kipimo sahihi. Mzee akishauona, huweka kidole bondeni, akapanda na kijito hadi kwenye chemchemi, na majina yakaanza kumtoka. Pini za rangi hushika mahali, nyuzi za sufu hushika mipaka.

Lakini kabla ya pini ya kwanza kuchomekwa, wenyeji hukubaliana juu ya ufunguo wa ramani, na mjadala wake huwa mkali. Kwa mpimaji wa kawaida, msitu ni rangi moja ya kijani. Kwa mrina asali, msitu ni ngazi: miti huchanua kwa nyakati tofauti kadiri unavyopanda, na mizinga hutundikwa kulingana na maua hayo. Ndiyo sababu ardhi ya ukoo wa Kiogiek ilikuwa ukanda uliopanda mteremko, ukigusa kila ngazi. Ufunguo usio na alama ya mzinga humfuta mrina asali, na ardhi yake ikaonekana haina mwenyewe.

Hapo ndipo ramani inapogusa sheria. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza kutoka msitu wa Mau, ikautambua msitu huo kuwa makazi yao ya jadi.

Hata hivyo, si kila kinachojulikana huachwa kionekane. Mahali pa tambiko au penye dawa adimu pakiwekwa wazi, huvamiwa. Kwa hiyo mfano haupigwi picha za kupelekwa kwenye kompyuta kabla wazee hawajaupitia na kuchomoa pini wanazotaka zibaki siri. Kwenye kadibodi hubaki tundu dogo. Mgeni atalipita bila kuliona, na mwenyeji atajua lilikuwa la nini.