Jipsamu ilivyoniumbua Ng'ambo

Jamani, ujanja mwingine ni kujitafutia aibu! Nyumbani kwetu Ng'ambo, Tabora, mdogo wangu wa kidato cha nne hakuwa na pa kusomea. Nikajifanya fundi, nikaigawa sebule kwa jipsamu: fremu ya mbao, bodi, skrubu, na rangi siku hiyo hiyo. Majirani wakaja kushangaa.

Wiki ya pili, kasheshe! Kila bodi zilipokutana pakatoka ufa. Vichwa vya skrubu vikatokeza kama chunusi. Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi niliyemwita akanipa darasa. Kwenye maungio bandika mkanda wa nyavu, paka poda ya jipsamu iliyokorogwa, iache ikauke kabisa, piga msasa, rudia tena, ndipo rangi. Mbao zipake dawa ya mchwa. Bati linalovuja liziba kwanza, maana jipsamu na maji hazipatani.

Wazee wetu waliojenga tembe za udongo walijua: unakandika, unangoja, unakandika tena. Mimi niliona kungoja ni ushamba.

Sasa dogo anasoma kwa raha. Hela yangu ya viatu? Imo ukutani!