Mwanahisabati Alan Turing na Siri za Vita

Ndugu askari wa jeshi na polisi, kila mmoja wenu aliyewahi kushika redio ya mawasiliano anajua kwamba neno likishatoka hewani halina mwenyewe. Adui hulisikia kama alisikiavyo rafiki. Ndiyo maana majeshi yote hufumba maneno yao. Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtu aliyetumia hisabati kuyafumbua mafumbo ya adui, na ambaye ni mmoja wa walioweka msingi wa kompyuta zinazotumika leo katika ofisi za Bujumbura na duniani kote. Mtu huyo ni Alan Turing wa Uingereza.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912, akasoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1936, akiwa kijana wa miaka 24, alitoa makala juu ya swali gumu: je, kuna njia moja ya kufuata kanuni, hatua kwa hatua, itakayoamua kama kauli yoyote ya hisabati inaweza kuthibitishwa? Ili kulijibu alibuni mashine ya mawazo tu, isomayo alama moja moja kwenye utepe mrefu, iziandike au izifute kwa kufuata amri. Alithibitisha mambo mawili. Kwanza, mashine moja yaweza kufanya kazi za mashine nyingine zote, mradi ipewe maagizo yanayofaa; hiyo ndiyo fikra iliyo nyuma ya programu za kompyuta. Pili, yako maswali ambayo hakuna mashine iwezayo kuyaamua.

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita dhidi ya Ujerumani, Turing aliripoti kazini Bletchley Park, makao ya siri ya wafumbuaji. Wajerumani walikuwa wakitumia mtambo uitwao Enigma. Opereta alipobonyeza herufi, umeme ulipita katika magurudumu yaliyozunguka, na herufi nyingine ikawaka taa. Njia za kuupanga mtambo huo zilikuwa nyingi kupita hesabu ya kawaida, na mpangilio ulibadilishwa kila siku. Wajerumani waliamini kwamba hakuna awezaye kuufumbua.

Hata hivyo, tangu Desemba 1932 wanahisabati wa Poland, wakiongozwa na kazi ya Marian Rejewski, walikuwa wamekwisha kuipenya Enigma, na Julai 1939 waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa maarifa yao. Juu ya msingi huo Turing alisanifu mashine ya kutafuta mpangilio wa siku, na Gordon Welchman akaiboresha. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940.

Mashine hiyo ilifanyaje kazi? Enigma ilikuwa na kasoro moja: herufi haikuweza kamwe kufumbwa kuwa herufi ile ile. Aidha, waendeshaji wake walikuwa na mazoea. Taarifa ya hali ya hewa, mathalani, ilitumwa kila siku kwa maneno yale yale. Mfumbuaji alikisia maneno hayo, akayalinganisha na fumbo, kisha mashine ikakataa mipangilio yote isiyowezekana hadi ikabaki michache ya kujaribiwa.

Lakini hesabu peke yake haikutosha. Februari 1942 nyambizi za Kijerumani ziliongeza gurudumu la nne, na kwa takriban miezi kumi ujumbe wao haukusomeka. Tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania, mabaharia wa Uingereza Tony Fasson na Colin Grazier waliingia katika nyambizi U-559 iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri, kisha wakazama nayo. Kwa vitabu hivyo, mwezi Desemba ujumbe wa nyambizi ulianza kusomeka tena.

Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo, wafumbuaji wa Uingereza walihamia Kilindini, Mombasa, wakakaa katika jengo la shule ya Allidina Visram. Kosa moja la Wajapani mwezi Septemba liliwapa mwanya, na kufikia Novemba walikuwa wakisoma mafumbo ya meli za mizigo za Japani. Hatari ya bahari ile ilionekana tarehe 12 Februari 1944, pale nyambizi ya Kijapani ilipoizamisha Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa ikiwa na wanajeshi wa Afrika Mashariki. Watu karibu 1,300 walipoteza maisha.

Baada ya vita Turing alisanifu kompyuta, na mwaka 1950 akaandika makala maarufu juu ya swali la kama mashine yaweza kufikiri. Lakini mwaka 1952 alihukumiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa katika sheria ya Uingereza wakati huo. Alilazimishwa kuchagua baina ya kifungo na dawa za homoni, akachagua dawa; tena akanyimwa ruhusa ya kazi za siri. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu, akiwa na umri wa miaka 41, na uchunguzi ukaamua kwamba alijiua. Kwa kuwa kazi yake ya vita ilikuwa bado siri, wananchi wengi hawakujua wamempoteza nani. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha wa kifalme ukatolewa mwaka 2013.

Ndugu wasikilizaji, Enigma ilikuwa mtambo wa hali ya juu, lakini opereta mvivu aliyerudia salamu ile ile kila asubuhi alimfungulia adui mlango. Vyombo vya leo ni bora zaidi, na mwanadamu avitumiaye ni yule yule. Hapana budi, basi, kila mshika redio abadilishe ufunguo kwa wakati, aseme machache, na akumbuke kwamba wenzake walioko njiani wanategemea ulimi wake.