Kabla ya Bei, Habari

Ukiingia kwenye uwanja wowote wa magari hapa Lubumbashi, utasikia mnunuzi akianza na swali moja: bei ya mwisho ni ngapi? Muuzaji atataja dola 7,500, mnunuzi atajibu 5,000, komisioneri, yaani dalali, atasimama kati yao akivuta huku na huku, na baada ya saa nzima watashikana mikono kwenye 6,300. Mnunuzi ataondoka akiamini amejipatia dola 1,200. Kazi yangu ni kukagua magari ya watu kabla hawajalipa, na kwa macho yangu mapatano hayo yameanzia mwisho. Punguzo la dola 1,200 haliwezi kufidia gia boksi iliyochoka, wala ushuru wa forodha ambao haukulipwa. Cha kupatana kwanza ni habari: gari hili ni lipi, limepitia wapi, limepatwa na nini, na nani atakayeweka saini chini ya maneno hayo.

Magari mengi ya okazioni, yaani yaliyotumika, tunayouziwa hapa yametoka Japani. Hununuliwa mnadani huko, hushushwa Dar es Salaam au Durban, hupita Zambia na kuingia kwetu Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Linaloshukia Dar es Salaam hupita Tunduma na Nakonde, likavuka Zambia mpaka mkoa wake wa shaba ndipo lifike kwetu, na kila linapobadilisha mikono kuna habari inayobaki nyuma. Jeki hupotea. Tairi la akiba hupotea. Karatasi ya mnada hupotea kabla ya vyote hivyo, na hiyo ndiyo hasara kubwa.

Karatasi ya mnada ni ukurasa mmoja uliojazwa na mkaguzi wa kampuni ya mnada, si mwenye gari. Juu kuna alama ya jumla. Alama 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3 ni gari lililochakaa kiasi cha kuonekana, na herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari limetandazwa kama ngozi ya mbuzi juani, na juu ya mchoro huo kuna herufi ndogondogo: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa pakapakwa rangi upya, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kipande kilichokwisha kubadilishwa. Kilomita zimeandikwa pale pale. Ukiona XX kwenye mlango mmoja, usikimbie. Mlango unaweza kubadilishwa kwa sababu ndogo. Ukiona R, basi unazungumzia gari jingine kabisa na bei nyingine kabisa.

Kwa hiyo neno la kwanza liwe hili: «Papa, naomba kuona karatasi ya mnada.» Aliyeagiza gari mwenyewe anaifahamu vizuri. Aliyelinunua mkono wa tatu huenda kweli hanayo, na hapo hakuna sababu ya kumwita mwongo. Zipo huduma za malipo kwenye intaneti zinazoitafuta kwa nambari ya shasi, na muuzaji mwenye moyo safi hatakuzuia kuiandika nambari hiyo. Anayekuzuia, mwage kwa heshima.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi juu ya soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa uchambuzi wa aina hiyo. Hoja yake unaweza kuiona ukitembea tu katika viwanja vyetu. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote mawili. Mwenye gari zima ataona bei hiyo haimlipi, ataliondoa sokoni. Mwenye gari bovu ataifurahia. Kidogo kidogo uwanja unajaa mabovu. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu sehemu ya lawama ni yetu sisi wanunuzi. Muuzaji aliyehifadhi karatasi zake zote akaomba dola 400 zaidi, tukamkandamiza mpaka bei ya jirani yake asiye na hata moja, tumemfundisha kuzichana safari ijayo.

Pasipo karatasi, gari lenyewe lihojiwe. Fika asubuhi bila kupiga simu, weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, mtu ameiwasha injini mapema ili usisikie inavyoamka ikiwa baridi. Omba izimwe, rudi baada ya saa kadhaa. Ukizungusha ufunguo bila kuwasha, taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini inaponguruma. Taa ya mifuko ya hewa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayobaki ikiwaka, kwa sababu mara nyingi kuna aliyeikata ili isiseme. Tazama raba ya pedali ya breki na ngozi ya usukani: kilomita 60,000 hazilambi raba mpaka ikawa laini. Inua zulia chini ya kiti cha dereva. Matope makavu na kutu kwenye boliti za kiti ni dalili za gari lililozama majini. Mwisho, soma nambari za tarehe kwenye pembe za vioo; kimoja kikiwa kimetengenezwa miaka mingi baada ya vingine, uliza kilichovunja cha kwanza.

Usukani wa kulia hauna siri, lakini uingie kwenye hesabu. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na kulipita lori la madini kwenye njia ya Likasi ukiwa umekaa upande wa mtaro wa barabara, huku abiria akikuangalizia, ni hatari ya kila siku. Serikali nayo imetangaza zaidi ya mara moja kuzuia magari hayo kuingizwa, kwa hiyo siku ya kuliuza gari lako utataja bei ukiwa na wasiwasi huo.

Kisha duane. Neno «limelipiwa» halitoshi. Omba tangazo la forodha na risiti ya malipo ya DGDA, idara ya forodha, kisha linganisha nambari ya shasi na iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi. Uliza pia nani atalipia plaki na karte roze, yaani kadi ya usajili wa gari, maana hapo ndipo bei ya chini huwa inajirudishia fedha zake. Na komisioneri aulizwe mbele ya wote anapewa ngapi na nani. Si aibu kwake kulipwa. Aibu ni kulipwa na pande mbili huku kila upande ukidhani ni wake peke yake.

Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, bado inamlinda mnunuzi. Muuzaji anawajibika kwa kasoro zilizofichika: unaweza kulirudisha gari ukarudishiwa bei yako, au ukabaki nalo ukarudishiwa sehemu ya bei. Akiwa aliijua kasoro hiyo, analipa na fidia. Lakini kasoro iliyo wazi haimhusu, na dai linatakiwa kufikishwa upesi. Ndiyo maana hati ya mauziano iandikwe nambari ya shasi, kilomita za siku hiyo, na sentensi ya muuzaji mwenyewe kwamba gari halijagongwa, au kwamba liligongwa mahali fulani.

Wapo wanunuzi wanaoomba hati iandikwe dola 2,000 wakati wametoa 6,300, wapunguze kodi. Huo ni udanganyifu kwa serikali, na unamwangukia aliyeuomba: injini ikifa baada ya wiki mbili, karatasi anayoipeleka kwa hakimu inasema alilipa 2,000, na kushindana na saini yako mwenyewe kwa mashahidi wa mdomo ni vigumu sana.

Ukishapata hayo yote, bei izungumzwe, tena kwa nguvu. Usiseme tu «punguza, yaya». Sema: tairi mbili zimeisha, betri ni dhaifu, plaki nalipa mimi, ondoa kiasi hiki. Muuzaji atajibu jambo kwa jambo, na mtakubaliana haraka kuliko mnavyodhani. Ukitoa avansi, risiti iseme ni ngapi, gari litakaguliwa na fundi gani mpaka siku gani, na kwamba fedha zinarudi zote fundi akikuta kisichoandikwa.