Mlavyote: neno hili lina maana gani na limetoka wapi?

Mwite mtu mlavyote uone, atakununia akidhani umemwita mlafi. Sivyo! Mlafi ni yule asiyejua kushiba. Mlavyote ni kiumbe anayekula mimea na nyama pia. Binadamu tumo, pamoja na nguruwe, kuku na kunguru.

Neno lenyewe ni rahisi: mla, halafu vyote, yaani vitu vyote. Wingi wake ni walavyote. Kilatini nacho kina omnis, maana yake "-ote", na vorare, kumeza kwa pupa. Humo ndimo Waingereza walimochota omnivore. Kwa hiyo pupa iko kwenye Kilatini, sio kwenye Kiswahili chetu.

Ila hilo "vyote" limetiwa chumvi kidogo. Nyasi anazocheua ng'ombe, tumbo lako haliziwezi.

Anayekaribia ni kunguru. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka. Taka kweli anakula, lakini pia matunda, mayai na vifaranga vya ndege wengine, na sasa kajaa Dar hadi Mombasa. Muulize yeyote anayefuga kuku uswahilini.