Watumishi wasio walimu: nani anaiendesha shule ya bweni? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi fedha zinavyoingia katika shule za sekondari za umma tangu Januari 2016, Serikali ilipofuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne: fidia ya ada, ruzuku ya uendeshaji na fedha za chakula kwa shule za bweni. Leo nawageukia watu ambao mikononi mwao fedha hizo hugeuka uji wa asubuhi, maji ya kuoga, chumba cha maabara kilicho tayari na bweni salama. Nazungumzia hasa shule za bweni za miji yetu midogo, kama Same, Lushoto, Mafinga au Mpwapwa, ambako mkuu wa shule hana kampuni ya ulinzi ya kukodi wala mgahawa wa kuuza chakula nje ya geti.

Tukitaja watumishi wa shule, mawazo yetu huenda kwa walimu, na hapo huishia. Walimu wana Tume yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ajira zao hutangazwa nchi nzima, na upungufu wao hujadiliwa bungeni. Mpishi, matroni, mlinzi, mtunza stoo, fundi sanifu wa maabara, karani na dereva hawamo humo. Wenye bahati wameajiriwa na halmashauri. Wengine wengi wameajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba mfupi, au wanalipwa kama vibarua. Ndani ya uzio mmoja, basi, mkuu wa shule anaongoza watu wa waajiri watatu, kila mmoja na masharti yake, na anatarajiwa awapate wote kazini saa kumi na moja alfajiri.

Tuanze na stoo, kwa sababu huko ndiko fedha nyingi zaidi hupita. Serikali imekuwa ikitoa shilingi 1,500 kwa siku kwa chakula cha mwanafunzi mmoja wa bweni. Shule yenye wanafunzi 600 inatumia shilingi 900,000 kila siku, sawa na milioni 27 kwa mwezi wa siku 30. Fedha hizo hazipiti kwa mwanafunzi. Hufika zikiwa unga, maharage, mchele, mafuta na chumvi kutoka kwa mzabuni, na anayezipokea ni mtu mmoja mwenye mizani na leja. Gunia la maharage lililoandikwa kilo 100 likija na kilo 94, na mtunza stoo asipolipandisha kwenye mizani mbele ya dereva wa mzabuni, kilo sita zimekwisha potea kabla sufuria haijatiwa maji. Magunia yakiwa 40 kwa muhula, hesabu msomaji anaweza kuimalizia mwenyewe.

Kuna na jambo lisiloonekana kwenye leja. Mtunza stoo anayeijua kazi yake hachukui mahindi kwa kutazama gunia kwa nje. Huingiza mkono, hutoa punje za katikati, huziuma kusikia kama zimekauka, hunusa. Kisha magunia huyapanga juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, ili hewa ipite. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Shule inayolisha mamia ya watoto kutoka stoo moja haina nafasi ya kukosea hapo. Hata hivyo katika shule nyingi stoo hukabidhiwa mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache, bila mafunzo hata ya siku moja.

Jikoni, wapishi huanza kabla ya adhana ya alfajiri. Ugali wa watu 600 haupikwi kwa maarifa ya nyumbani: mwiko wake ni mrefu kama kasia, sufuria hushikiliwa na watu wawili, na unga ukitiwa kabla maji hayajachemka sawasawa, chakula cha bweni zima kimeharibika na hakuna kingine. Kwa miaka mingi wanawake hawa wamevuta moshi wa kuni kwa niaba ya watoto wetu. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mitungi na majiko pekee havitoshi. Mpishi aliyezoea kupunguza moto kwa kuvuta kuni anahitaji kufundishwa valvu, harufu ya gesi inayovuja na la kufanya inapovuja. Mahali ambapo mafunzo hayo hayakutolewa, majiko mapya yamewekwa pembeni na kuni zimerudi.

Nikiulizwa ni mtumishi gani ambaye kukosekana kwake kunawaumiza wanafunzi zaidi darasani, nitamtaja fundi sanifu wa maabara. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, na majengo mengi yakasimama. Lakini maabara bila fundi sanifu ni chumba chenye meza ndefu.

Chukua zoezi la kawaida la kemia la kidato cha nne, la kupima asidi kwa besi. Kila mwanafunzi huchota sentimita za ujazo 25 za besi kwa pipeti, mara nne kwa kawaida, yaani 100 kwa jumla. Wanafunzi 80 watahitaji lita nane, na pamoja na ya kusuuzia vyombo, fundi huandaa lita kumi. Kama ni haidroksaidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, atapima gramu nne kwa kila lita, gramu 40 kwa zote. Kemikali hiyo hunyonya unyevu wa hewa ingali kwenye mizani, kwa hiyo lazima apime haraka, ayeyushe, asubiri ipoe, ndipo ajazie maji hadi alama. Akizembea, wanafunzi wote 80 watapata namba zisizolingana na hesabu, na watadhani wao ndio wajinga. Kazi hii hufanyika jioni kabla ya somo. Mwalimu wa kemia mwenye madarasa manne na daftari za kusahihisha akiachiwa na hii pia, huandika jaribio ubaoni na kuendelea, na mtoto humaliza kidato cha nne bila kushika bureti.

Kuhusu matroni sitasema mengi, kwa sababu majina mawili yanatosha. Mwaka 1994 moto uliwaua wasichana zaidi ya 40 katika bweni la sekondari ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto katika sekondari ya Idodi, Iringa. Mtu mzima anayelala jirani na bweni, mwenye funguo mkononi na orodha ya waliomo ndani, si wa ziada. Nayo kazi hii bado hupewa mwalimu mwenye vipindi vya asubuhi, anayelala nyumbani kwake upande wa pili wa mji.

Karani naye asisahauliwe: jina likikosewa wakati wa kusajili watahiniwa, kosa hilo humfuata mtoto hadi kwenye cheti.

Sasa tufike kwenye malipo. Kabla ya 2016, mlinzi na mpishi katika shule nyingi walilipwa kwa michango ya wazazi. Michango ya lazima ilipopigwa marufuku, wazazi maskini walipumua, na ilikuwa haki yao. Lakini mishahara ya watu hawa haikupata mahali pengine pa kutoka. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa wanafunzi 600 ni milioni 15, tena kama zote zingefika shuleni. Tuseme shule ina wapishi sita na walinzi wawili wasio kwenye ajira ya halmashauri, na kila mmoja analipwa shilingi 150,000 tu kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 14.4. Zitabaki shilingi 600,000 za chaki, karatasi za mitihani, dawa na kioo cha dirisha lililovunjika. Ndiyo maana mkuu wa shule huchelewesha mishahara yao kwanza, na ndiyo maana wengi wao wamefanya kazi miaka mingi bila mchango hata mmoja wa NSSF.

Kwa maoni yangu, halmashauri zina wajibu wa kuziingiza nafasi hizi kwenye ikama na kuziombea kibali cha ajira kila mwaka, kama zinavyowaombea walimu. Wakati hilo linasubiriwa, bodi za shule zisiajiri mtu bila mkataba wa maandishi na hifadhi ya jamii. Nawe mzazi mwenye mtoto bweni, kikao kijacho kikifunguliwa kwa matokeo ya mitihani, nyoosha mkono uulize: matroni analala wapi, nani anapima magunia, na wapishi walilipwa lini mara ya mwisho? Omba majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Juma lijalo: bodi ya shule na mamlaka yake.